Mjomba amesema mama aache zile dawa

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Newala, nina miaka 34 na watoto wawili. Naandika usiku. Mama amelala chumba cha pili na sitaki ajue.

Mama ana miaka 59, baba alishatangulia. Mwaka jana aliona uvimbe kwenye titi la kushoto, akanyamaza nao mpaka tulipomaliza kuokota korosho. Tukampeleka Dar. Alikatwa titi, kisha akawekewa dripu sita za kemo, moja kila baada ya wiki tatu. Nauli, chumba cha kupanga Mbagala, vipimo, vyote alivibeba mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja, kwa hela yake ya korosho. Bila yeye mama asingefika hata dripu ya pili. Nakueleza haya ili ujue kwa nini neno lake nyumbani kwetu halirudishwi.

Siku ya dripu ya pili nesi alituita pembeni, akasema majibu ya damu yameonyesha mama ana virusi vya homa ya ini B. Ile ya kwanza alikuwa ameshawekewa, majibu yalikuwa hayajatoka. Tukapewa chupa ya vidonge, kimoja kwa siku, na daktari akasema, "Asiache mpaka tumwambie sisi." Foleni ilikuwa ndefu, hatukuuliza, na wao hawakueleza. UKIMWI alipimwa, hana, karatasi ninayo.

Dripu ya mwisho ilikuwa miezi miwili iliyopita. Mama amerudi, anacheka, nywele zimeanza kuota. Anazo chupa mbili: ya tamoksifeni, ambayo walisema ataimeza miaka mitano, na hii ya virusi vya ini, tenofoviri. Mjomba alipokuja kumjulia hali aliiona chupa mezani, akaijua. Kuna mtu kwenye ukoo wetu anahudhuria CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, na chupa yake inafanana. Hakusema kitu mbele ya mama. Aliniita nje chini ya mkorosho, akaniuliza, "Dada yangu ana nini hasa mnachonificha?" Nikamwonyesha karatasi. Akasema karatasi huandikwa na watu.

Kesho yake akamwambia mama kwamba dripu zimeisha, na ugonjwa umeisha, sasa ini linataka kupumzishwa na makemikali. Hizo dawa za UKIMWI aziweke pembeni kabla majirani hawajapata la kusema. Akamletea na mizizi ya kuchemsha, ya kusafisha ini.

Mama ameacha. Leo ni siku ya 16. Haumwi popote. Mizizi anakunywa asubuhi na jioni.

Kinachoninyima usingizi ni jirani yetu mmoja. Miaka mitatu nyuma alitibiwa saratani ya mitoki, akarudi mzima, tukafurahi naye. Baada ya miezi kama minne macho yakawa ya njano, na wiki mbili hazikuisha tukamzika. Wapo waliosema dripu ndiyo iliyomuua, na wapo waliosema amerogwa. Sasa nikimtazama mama machoni kila asubuhi natetemeka.

Naomba unieleze: kama kemo imeisha, kidonge cha nini tena? Mjomba nitamwambiaje? Na sisi tunaokaa naye? Nimeanza kumtengea kikombe chake na naona aibu mwenyewe.

Mwalimu, Newala

*

Marahaba mwanangu.

Kikombe cha mama kirudishe kabatini pamoja na vingine, hilo tulimalize kwanza. Homa ya ini B haipiti kwenye chai wala sahani, haipiti kwa kushikana mikono wala kwa kula sinia moja. Inapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Cha kumtengea ni wembe, mswaki na kikata kucha. Tone la damu lililokauka kwenye wembe linaweza kubaki na virusi hai kwa siku 7 au zaidi, hata kama macho hayalioni.

Sasa lile la haraka. Asubuhi piga simu namba iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, uwaambie ameacha tenofoviri siku 16. Usingoje tarehe ya kurudi Dar. Wiki hii hii mshushe Mtwara, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula au ile ya kanda kule Mitengo, ukiwa na chupa zote mbili, karatasi za Dar, na hata ile mizizi kwenye mfuko. Waombe wampime ini na figo, na uwaulize kuhusu kipimo cha wingi wa virusi, kama sampuli watachukua wao au itabidi ipelekwe kwingine. Kidonge watamrudishia wao, na kwa hali unayoieleza sitarajii wamcheleweshe. Asije akameza viwili viwili kufidia siku zilizopita.

Ila ukiona macho yameingia njano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, anatapika, tumbo linajaa, au anasinzia mchana na kuongea mambo yasiyoeleweka, hapo hakuna cha wiki hii. Ni siku hiyo hiyo, hata kwa gari la kukodi.

Nimekaa wodini miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na swali lako la kwanza nimelisikia kwa wagonjwa na, niseme ukweli, kwa baadhi ya wahudumu pia. Kemo imeisha, kidonge cha nini? Ni swali la mtu mwenye akili. Jibu lake linakwenda kinyume na unavyodhani, kwa sababu hatari kubwa huja mara nyingi baada ya kemo, si wakati wa kemo.

Wewe ni mtu wa Newala, dungu unalijua. Mlinzi anakesha juu ya dungu kulinda muhogo, na nguruwe pori wako msituni. Wapo siku zote. Hawamaliziki, lakini wanamwogopa, hawaingii wengi. Mtu mwenye homa ya ini B ya muda mrefu yuko hivyo: virusi vimo ndani ya ini lake, kinga ya mwili imevizoea na kuvibana, naye anaweza kuishi miaka 40 bila kujua. Nina hakika mama hakuwa anajua.

Kemo inamlaza mlinzi. Ile dripu nyekundu, doksorubisini, inashusha chembe nyeupe za damu, na deksamethasoni wanayompa asitapike nayo inamwongezea mlinzi usingizi. Nguruwe wanaingia, wanazaana usiku kucha, na wala hausikii kelele. Mgonjwa haumwi ini wakati huo. Virusi vya homa ya ini B vyenyewe havili ini sana. Vinakaa tu ndani ya chembe zake na kujizidisha.

Halafu dripu zinaisha. Nywele zinaota, hamu ya kula inarudi, na mlinzi naye anaamka. Anakuta shamba limejaa. Anashika bunduki na kupiga ovyo gizani, na kila risasi inapita kwenye muhogo. Kinachoharibu ini ni vita hiyo, kinga ya mwili ikiziua chembe za ini zenye virusi, nyingi kwa mara moja. Ndiyo maana manjano huja wiki au miezi baada ya dripu ya mwisho, watu wakiwa wameshasahau hospitali. Kitaalamu husema virusi vimeamka upya. Kati ya watu 100 wenye virusi hivi wanaopewa kemo bila kinga yoyote, tafiti nyingi hutaja kwamba kuanzia 20 hadi 50 virusi vyao huamka. Wengine kipimo cha ini hupanda kidogo kikashuka. Wengine ini hushindwa kabisa, wakafa wakiwa wameshapona saratani.

Tenofoviri haimwamshi mlinzi wala haiui nguruwe. Inawazuia wasizaane, ili siku mlinzi atakapoamka akute wachache, asiwe na cha kupiga ovyo. Kwa hiyo ni lazima iwepo kabla hajaamka na iendelee mpaka awe ametulia. Madaktari wengi huiendeleza angalau miezi 6 baada ya dripu ya mwisho, mara nyingi hufika 12, na kwa mtu ambaye virusi vyake ni vingi au ini limeshaanza kupata makovu, inaweza kuwa ya muda mrefu zaidi ya hapo. Mama yuko mwezi wa pili. Ameacha pale pabaya kabisa. Nakuandikia hivi kwa sababu kwake bado kuna nafasi: haumwi, siku 16 si miezi, na dawa ipo. Hata siku daktari atakapomwambia aache, atapimwa ini mara kwa mara kwa miezi kadhaa mbele, kwa sababu kuiacha kwenyewe kunaweza kuviamsha virusi. Tamoksifeni aendelee nayo kama alivyoelekezwa. Hiyo ni habari ya saratani, wala hailindi ini na virusi. Wazee wengi huona chupa mbili na kudhani moja inatosha.

Kuhusu dripu ya kwanza kutangulia majibu: usiwalaumu kwa hilo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani wa mwaka 2020 unataka kila anayeanza tiba ya saratani apimwe homa ya ini B, lakini unasema pia matibabu yasicheleweshwe kwa kusubiri majibu. Kupima siku ileile na kuanza kidonge majibu yakitoka ni sawa. Kosa lao ni lile lingine, la kumpa mtu chupa bila kumwambia ni ya nini. Dakika tatu za maelezo zingewaokoa na mkutano wa chini ya mkorosho.

Jirani yenu, Mungu amrehemu, siwezi kumpima kwa barua. Lakini ulichokieleza, saratani ya mitoki, nafuu, kisha manjano baada ya miezi minne, kinafanana sana na habari hii. Saratani hiyo mara nyingi hutibiwa kwa dozi kubwa za predinisoloni, ambayo nayo humlaza mlinzi, na palipo na uwezo huongezwa dawa iitwayo rituksimabu. Hiyo inaziangamiza chembe zinazotengeneza kingamwili, na mlinzi hulala mwaka mzima na zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza iwekewe onyo zito kabisa kuhusu homa ya ini B. Tena kwa dawa hiyo hata mtu aliyepata virusi zamani, akapona, na kipimo cha kawaida kikasema hana, virusi vyake vinaweza kuamka, kwa sababu mbegu ya virusi hubaki ndani ya kiini cha chembe za ini. Kwa hiyo kipimo kile kimoja cha haraka, HBsAg, hakitoshi kwa mgonjwa wa saratani. Kinaongezwa kile cha kingamwili dhidi ya kiini cha virusi, anti-HBc, kinachoonyesha kama virusi viliwahi kupita, na cha tatu, anti-HBs, cha kinga. Kama kuna mtu mwingine kijijini kwenu anajiandaa kwenda kuanza dripu, mwambie aulize kwa jina kama amepimwa, na homa ya ini C aiulizie pia. Hiyo ya C huwa na vurugu ndogo zaidi wakati wa kemo, na siku hizi ina vidonge vinavyoiponya kwa wiki 8 hadi 12.

Tuje kwa mjomba.

Usimfanye adui. Mtu aliyeuza korosho zake kumtibu dada yake hajaja kumuua kwa mizizi. Ameona kitu kweli, na hakukosea alichokiona: tenofoviri imo kwenye dawa za watu wa CTC, pamoja na lamivudini na dolutegraviri, zote ndani ya kidonge kimoja. Kosa lake ni kudhani dawa ina ugonjwa mmoja. Yeye ni mkulima wa korosho, basi mwulize hivi: salfa anayopulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, si ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye mafuta ya upele? Aliyepakwa mafuta ya upele amekuwa mkorosho? Tena mwulize, maua yakishachanua vizuri, huwa anaacha kupuliza palepale, au anaendelea mpaka korosho zishike? Mwache ajibu mwenyewe. Usimkatize, wala usimalizie na hotuba ya kiualimu. (Nawajua walimu.)

Kisha mwombe akusindikize Mtwara. Usimwambie anakwenda kusahihishwa. Mwambie, "Mjomba, wewe ndiye uliyemtibu, naomba usikie mwenyewe daktari anasema nini." Mkiingia, mwombe daktari amweleze yeye. Nimeona wazee wagumu kama mpingo wakilainika pale daktari anapowageukia wao na kusema, "Mzee, nakukabidhi kazi hii." Akikabidhiwa chupa yeye, atakuwa askari wa chupa. Na aibu ya majirani atailinda vizuri kuliko wewe.

Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo gumu. Umesema wao ni wa tumbo moja. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, wanaobaki nayo maisha ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, kama 90 kati ya 100 hubaki nayo. Kwa hiyo mama mwenye virusi vya muda mrefu akiwa na miaka 59, yawezekana sana alivipata utotoni, kwa bibi yenu au kwa damu ya utoto: wembe wa chale uliozunguka, kisu cha jando kilichopita kwa wavulana wengi, sindano za zamani za kuchemsha. Mjomba amelala kwenye mkeka huo huo. Naye anahitaji kupimwa. Kama alitoa damu mama alipokwenda kukatwa titi, damu ile ilipimwa UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, kwa hiyo anaweza kuulizia majibu yake. Kama hakutoa, apimwe siku hiyo hiyo mkiwa Mtwara. Ukimwambia hili, usilitumie kama fimbo. Mwambie baada ya daktari kuongea, mkiwa mnakunywa chai.

Wewe nawe kapime, na ndugu zako wote wa tumbo la mama. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, wewe ulikuwa umeshamaliza kadi yako. Ukikutwa huna virusi wala kinga, chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Wanao tazama kadi zao za kliniki. Kama walichomwa zile za wiki ya 6, 10 na 14, tayari wamo.

Mizizi isimame leo. Simsemi vibaya mzee aliyeichimba, ila ini la mama sasa hivi halipaswi kupewa kitu ambacho hakuna anayejua kina nini ndani, na zipo dawa za miti zinazolichoma ini lenyewe. Kipimo kikipanda, daktari hatajua alaumu virusi au mizizi. Pombe pia hapana, na msimu wa mabibo ukija, asionjeshwe uraka hata wa heshima. Karanga na mahindi yenye ukungu mtupe; sumukuvu ikikutana na virusi hivi hulifungulia njia saratani ya ini. Dawa za maumivu kama diklofenaki asinunue dukani bila kuuliza, kwa sababu tenofoviri inataka figo zilizo salama.

Chupa isibanduliwe lebo, na vidonge visihamishiwe kwenye kikopo cha kahawa, kwa sababu vinaogopa unyevu na ukungu wa huko kwenu juu unaujua. Mama akiona haya kwa kelele za vidonge, chupa aizungushie kitambaa kwa nje. Na muombe daktari awape akiba ya mwezi mmoja zaidi. Mwezi wa tano mwaka 2024 maji yaliikata barabara ya Dar upande wa Somanga, na sitaki kusikia mama yuko siku ya 16 nyingine kwa sababu basi halikupita.

Majibu ya mjomba yakitoka, niandikie. Akikutwa nayo, barua yake nitaijibu peke yake.